Kusoma PET ya PSMA Saratani ya Tezi Dume Inaporudi

Mgonjwa asipewe majibu mawili kwa picha moja. Hilo ndilo ninalowadai vijana wanaokuja kwangu kujifunza kusoma PET, picha inayoonyesha mahali dawa yenye mionzi ilipokusanyika mwilini, na ni gumu kuliko kuitambua saratani yenyewe. Saratani iliyotapakaa mifupani hata mhasibu wa hospitali ataiona. Kazi yetu iko kwa mwanamume aliyeondolewa tezi dume miaka mitatu iliyopita, PSA yake (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) ikashuka hadi haipimiki, sasa imepanda hadi 0.4, na kwenye picha kuna doa dogo karibu na kibofu. Wewe unasema ni ugonjwa. Mwenzako wa chumba cha pili anasema ni mkojo. Nani atamwambia huyu mtu ukweli?

Namwandikia daktari anayeanza kusoma picha hizi, na pia mtaalamu anayeziandaa, kwa sababu mengi huharibika kabla picha haijafika mezani kwetu.

Kabla ya kufungua picha

Chukua karatasi uandike mambo manne: mgonjwa alitibiwa vipi, PSA yake ya sasa pamoja na zile zilizotangulia na tarehe zake, kama yuko kwenye homoni (tiba ya kushusha homoni za kiume), na amechomwa dawa gani ya PSMA, yaani dawa yenye mionzi inayonata kwenye PSMA, protini iliyo juu ya seli za saratani ya tezi dume. Likikosekana moja, piga simu kliniki. Usiguse kipanya kwanza.

Tiba ya awali ina maana kubwa kwa sababu ugonjwa "kurudi" hupimwa kwa njia mbili tofauti. Aliyeondolewa tezi dume huhesabiwa amerudiwa PSA inapofika nanogramu 0.2 kwa mililita au zaidi, ikathibitishwa na kipimo cha pili. Aliyetibiwa kwa mionzi bado ana tezi, na tezi hiyo hutoa PSA kidogo. Kwake tunasubiri ipande nanogramu 2 juu ya kiwango cha chini kabisa ilichowahi kufika. Kwa hiyo kwa huyu wa kwanza unapekua mahali patupu, pale kibofu kiliposhonwa na njia ya mkojo. Kwa wa pili unatazama kiungo ambacho bado kipo, chenye makovu ya mionzi.

PSA nayo inakuambia utarajie nini. Kuna utafiti uliofanywa katika vyuo vikuu vya UCLA na UCSF huko California, ukachapishwa mwaka 2019, wenye wagonjwa 635 ambao saratani ilikuwa imewarudia. PSA ikiwa chini ya 0.5, PET ya PSMA ilionyesha kitu kwa asilimia 38 yao. Kati ya 0.5 na 1, asilimia 57. Kati ya 1 na 2, asilimia 84. Kati ya 2 na 5, asilimia 86, na kuanzia 5 kwenda juu asilimia 97. Namba hizi nimezibandika pembeni ya skrini yangu. Zinanizuia nisilazimishe kila kivuli kiwe saratani kwa mtu mwenye PSA ya 0.3, na zinanizuia pia nisimwambie kwamba hana ugonjwa eti kwa kuwa picha ni safi. Picha safi kwenye PSA ya chini ina maana kwamba mashine haijaona. Andika hivyo hivyo, tena waziwazi, ili daktari wa tiba ya mionzi asiahirishe matibabu akingoja PET ionyeshe doa. Mionzi ya kuokoa, ile inayotolewa saratani ikirudi baada ya upasuaji, hufanya kazi vizuri zaidi PSA ikiwa bado ndogo.

Homoni: andika tarehe zilipoanza. Zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kufifisha madoa, na ukilinganisha picha ya kabla na ya baada bila kujua hilo utasifia tiba kwa jambo lisilo lake.

Nina sharti moja ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Picha za zamani zifungue, lakini ripoti ya zamani usiisome mpaka umalize kuandika ya kwako. Wanasema ninapoteza muda. Mimi nimeona jinsi neno "metastasisi" (saratani iliyosambaa) likishaandikwa na mtu mmoja linavyonakiliwa na watatu wanaofuata, kila mmoja akiona kile alichokwisha ambiwa.

Dawa na saa

Kuna watu husema "PSMA" kana kwamba ni dawa moja. Hapana. PSMA-11 yenye galiamu-68, ambayo Marekani iliidhinisha Desemba 2020, hupoteza nusu ya nguvu yake kila dakika 68, kwa hiyo hutengenezwa karibu na mgonjwa. DCFPyL na PSMA-1007 zina florini-18, ambayo nusu yake hupotea kwa dakika 110. Hizo zinaweza kusafirishwa hadi kituo kingine mjini hata kama foleni ya barabarani ni ile mnayoijua. Kwa msomaji wa picha, tofauti kubwa ni njia ya kutokea. PSMA-11 na DCFPyL hutoka kwa mkojo, kwa hiyo kibofu huwaka sana. PSMA-1007 hutoka zaidi kupitia ini na nyongo. Kibofu hubaki kimya na eneo la mshono unaliona vizuri. Gharama yake ni mbavu, nitazifikia.

Saa ya kuchoma sindano na saa ya kuanza kupiga picha ziandikwe kwa saa halisi, siyo "kama saa moja hivi". PSMA-11 na DCFPyL tunapiga baada ya takriban dakika 60. PSMA-1007 tunangoja dakika 90 hadi 120. Kama mwaka huu mgonjwa amepigwa kwenye dakika ya 60 na mwaka ujao, kwa sababu umeme ulikatika, akapigwa kwenye dakika ya 110, mwanga wa doa utabadilika bila ugonjwa kubadilika. Hapo utaandika "limeongezeka" na kumwanzishia mtu tiba kwa sababu ya umeme.

Mgonjwa akojoe kabla hajalala kwenye mashine. Kwa dawa zinazotoka kwa mkojo, sindano ya kuongeza mkojo (furosemidi) inasaidia, na kama bado una shaka karibu na kibofu, mwambie akojoe tena umpige picha ya nyonga tu baadaye. Mkojo husogea. Doa la saratani halitoki mahali pake.

Vipimo vitatu kabla ya doa lolote

Hapa ndipo watu wawili huanza kuafikiana au kuachana. Msomaji mmoja hufungua picha kwa kipimo cha SUV (namba ya jinsi sehemu ilivyonyonya dawa) cha 0 hadi 5, kila kitu kinawaka, anaogopa. Mwingine anafungua kwa 0 hadi 20, kila kitu kimefifia, anaridhika. Picha ni ile ile! Chumba kizima kikubaliane juu ya kipimo kimoja cha kuanzia. Sisi tunaanza na 0 hadi 10, kijivu, bila rangi za kupendeza. Rangi zinaweka mipaka mahali ambapo mwili haukuiweka. Ukifika kibofuni, panua kipimo hadi mkojo ufifie, uone kama kuna kitu kinachojitenga nyuma yake, kisha rudi kwenye 0 hadi 10.

Halafu, kabla hujatafuta doa hata moja, pima sehemu tatu za mgonjwa huyu huyu: damu ndani ya aota (mshipa mkuu wa damu), ini upande wa kulia, na tezi kubwa ya mate iliyo mbele ya sikio. Andika namba zake juu ya karatasi. Hivi ndivyo vigezo vya mfumo wa PROMISE uliotolewa mwaka 2018 na kuboreshwa mwaka 2023. Doa lililo chini ya damu ni 0. Likifikia damu au kuizidi lakini halijafika ini, ni 1. Likifikia ini au kulizidi lakini halijafika tezi ya mate, ni 2. Likifikia tezi ya mate au kuizidi, ni 3. Kwa PSMA-1007 usitumie ini, kwa kuwa dawa yenyewe inapitia humo na ini linawaka kupita kiasi. Tumia wengu badala yake.

Uzuri wa njia hii ni kwamba mgonjwa anakuwa kipimo cha mwili wake mwenyewe. SUV ya 6 kwenye mashine yetu siyo lazima iwe 6 kwenye mashine ya Mombasa, lakini "limezidi ini, halijafika tezi ya mate" inasomeka sawa kote.

Ila sikiliza: alama hizo zinapima mwanga, hazitaji ugonjwa. Fundo la neva lisilo na shida yoyote linaweza kupata 1 au hata 2. Saratani halisi ya milimita 4 kwenye mshono inaweza kupata 1, kwa sababu vitu vidogo kiasi hicho mashine huvififisha. Kijana akiniambia "ni 2, kwa hiyo ni saratani," namrudisha kwenye kiti.

Njia ya kupita mwilini

Picha ya mwili mzima inayozunguka, itazame kidogo mwanzoni kuhakikisha dawa imeingia vizuri na haikumwagika mkononi, kisha ifunge. Inavutia macho kwenye doa kubwa, na ukishaliona doa kubwa unaacha kutafuta madogo.

Anzia chini. Mshono wa kibofu na njia ya mkojo, mahali pa vifuko vya shahawa, nyuma ya kibofu. Kisha tezi za limfu za nyonga, upande mmoja hadi mwisho ndipo uhamie wa pili: obturata, iliaka ya nje, iliaka ya ndani, mbele ya sakramu (mfupa wa mwisho wa mgongo, nyuma ya nyonga), na zile ndogo zilizo kwenye mafuta yanayozunguka utumbo wa mwisho. Hizi za mwisho ndizo zinazosahaulika, hata daktari wa upasuaji hazigusi katika operesheni ya kawaida. Panda kwenye tumbo kufuata aota. Kifua. Juu ya mtulinga wa kushoto. Mifupa isome peke yake, mara moja zaidi, kuanzia fuvu hadi mapaja, ukiwa na dirisha la mifupa la CT (picha ya eksirei ya vipande vya mwili inayopigwa pamoja na PET) pembeni. Mapafu na ini kwa CT pia.

Kila mara pita kwa mpangilio huo huo, hata siku uliyochoka. Hasa siku uliyochoka.

Mitego

"Dokta, hii si tezi ya limfu?" Swali hili naulizwa na kila kundi jipya, na kidole karibu kila mara kiko mahali pamoja: pembeni ya aota, pale mishipa ya tumbo na utumbo inapochipuka. Namjibu, "Mwanangu, ifuate kwenye CT." Akiifuata anakuta kitu chembamba kama utepe, kimelala kando ya kiwambo, mara nyingi kuna kingine upande wa pili. Hayo ni mafundo ya neva, na huwaka kidogo kwa wagonjwa wengi mno. Mengine yako shingoni chini, na mengine mbele ya sakramu, madogo, karibu na matundu ya neva. Hayo ya sakramu ndiyo hatari zaidi kwa sababu yako jirani na tezi za limfu za kweli. Tezi ya limfu ina umbo la punje, fundo la neva hurefuka. Tazama umbo katika pande zote tatu kabla hujalipa jina.

Mirija ya mkojo kutoka kwenye figo hukatiza mishipa ya iliaka (mishipa mikubwa ya damu ya nyonga), na tone moja la mkojo lililosimama hapo linafanana kabisa na tezi yenye saratani. Fuata mrija kipande kwa kipande. Kama doa liko ndani ya mrija, imeisha. Kama liko kando yake, hapo ndipo uanze kuwa na wasiwasi.

Kwetu huku kuna kifua kikuu. Tezi zenye TB, na makovu yake juu ya mapafu, zinaweza kunyonya dawa ya PSMA. Tezi za kifuani zinazowaka kidogo pande zote mbili kwa ulinganifu, nyonga ikiwa safi, haziendani na tabia ya saratani ya tezi dume. Muulize mgonjwa, wengi hawakuandika kwenye fomu kwamba waliwahi kumeza dawa za TB. Uvimbe wa tezi ya shingo (thairoidi), uvimbe wa utando wa ubongo, ugonjwa wa mifupa wa Paget na mfupa unaopona baada ya kuvunjika navyo huwaka. Vitaje kwenye ripoti, lakini usivihesabu pamoja na saratani ya tezi dume.

Sasa mbavu. Mzee mmoja mstaafu wa reli alinijia na bahasha mbili. Ndani ya kila moja kulikuwa na ripoti ya picha ile ile, sidii moja, kutoka kwa wasomaji wawili tofauti. Ya kwanza: saratani imefika ubavu wa sita kushoto. Ya pili haikuutaja ubavu kabisa. Kaka yake alikuwa ameshaambiwa aanze kuuza ng'ombe kwa ajili ya sindano za homoni.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, nikavuta kiti.

"Marahaba binti yangu. Sasa nifuate karatasi gani?"

Dawa ilikuwa PSMA-1007. PSA 0.5. Ubavu ulikuwa na alama ya 1, CT ya mahali hapo haikuonyesha chochote, na kwenye mshono wa kibofu kulikuwa na doa lenye alama ya 2 ambalo ripoti zote mbili zililitaja. Dawa hii inajulikana kwa kufanya mbavu ziwake kwenye picha bila sababu ya saratani. Doa moja, hafifu, ubavuni, lisilo na mabadiliko kwenye CT, peke yake halitoshi kumhamisha mtu kutoka kwenye tiba ya kuponya kwenda kwenye tiba ya kudumu ya homoni. Wa kwanza alikosea kwa kuhukumu, wa pili kwa kunyamaza, kwa kuwa doa lilikuwepo na msomaji wa mwaka ujao angelikuta na kuliita jipya. Niliandika kwamba lipo, halina uhakika, lifuatiliwe. Alipigwa mionzi ya nyonga tu, na PSA ikashuka hadi haipimiki. Ubavu haukuguswa na mtu.

Lakini usigeuze hili kuwa kanuni ya kupuuza mifupa yote yenye CT safi. Doa lenye alama ya 3, kali, ndani ya mfupa wa nyonga au pingili ya uti, linaweza kuwa saratani iliyo kwenye uboho ambayo CT bado haijaiona.

Kiwango cha uhakika kiandikwe peke yake

Baada ya alama ya mwanga, kila doa lipe alama ya pili: una uhakika kiasi gani. Sisi tunatumia PSMA-RADS, yenye ngazi 1 hadi 5, kutoka lisilo na shida hadi saratani karibu kwa hakika. Kituo kikipenda mfumo wa Ulaya wa E-PSMA, nao una ngazi tano, sawa, mradi wote ndani ya jengo wautumie huo. Ngazi ya 3 ndiyo ya shaka: 3A ni tishu laini au tezi ya limfu, 3B ni mfupa. Ngazi hii siyo kabati la kutupia kila kitu kinachokuchosha. Ukiandika 3, lazima sentensi inayofuata iseme kipimo gani kitaondoa shaka: MRI ya pingili, biopsi, au picha nyingine baada ya miezi kadhaa. Ukishindwa kuitaja, tazama tena picha, pengine ilikuwa 2.

Ripoti ianze na majibu ya maswali matatu ambayo daktari anayetibu anayahitaji: je, kuna kitu pale tezi ilipokuwa, kwenye tezi za limfu za nyonga, au nje ya nyonga? Kila jibu liwe na mahali kwa jina lake, ukubwa kwa milimita, alama ya mwanga, ngazi ya uhakika. Kwa mfano: "Tezi ya limfu moja, obturata kulia, milimita 6, alama 3, PSMA-RADS 5. Mahali pa tezi dume: hakuna doa. Nje ya nyonga: ubavu wa nne kulia, alama 1, PSMA-RADS 3B, ufuatiliwe kwa CT." Maneno niliyoyapiga marufuku kwenye ripoti zetu ni "haiwezi kuondolewa kabisa" na "linganisha na hali ya mgonjwa". Daktari anayetibu amekuja kwako akiwa tayari anaijua hali ya mgonjwa.

Msomaji wa pili

Katika ule utafiti wa California, wasomaji walifanya kazi bila kujua majibu ya wenzao, na makubaliano yao kwa kipimo cha kappa, ambacho 1 ni kukubaliana kikamilifu, yalikuwa kati ya 0.65 na 0.78. Hao ni mabingwa. Kwa hiyo usione aibu kutofautiana. Aibu ni kutojua mnatofautiana wapi. Kila picha yenye PSA chini ya 1 isomwe na wawili, kila mmoja kwenye karatasi yake, bila kunong'onezana. Mkitofautiana, wa tatu aamue, na hoja iandikwe. Mara kwa mara chukua picha zako za zamani, fungua bila jina wala ripoti, zisome upya, kisha linganisha na ulichoandika. Utagundua unatofautiana na wewe mwenyewe, hasa mbele ya sakramu.

Weka daftari la madoa yote ya ngazi ya 3: mahali, dawa iliyotumika, alama ya mwanga, mlivyoamua. Acha safu mbili wazi kulia. Moja ni ya biopsi au MRI ikifanyika, nyingine ni ya PSA baada ya tiba, na karani wa kliniki ya mkojo ndiye atakayekujazia hiyo ukimwomba vizuri.